Mashahidi Waliozikwa Kilwa

Msikilizaji, nakitikisa kitu hapa karibu na kipaza sauti. Umesikia? Mlio mdogo, kama mchele unaopepetwa nyumba ya tatu. Ni mchanga, vijiko viwili hivi, ndani ya kichupa kilichowahi kuwa na vidonge. Niliuzoa mwenyewe ufukweni Kilwa Masoko, maji yamekupwa, mbele ya mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akikalafati mashua yake. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akanitazama nikijaza kichupa, kisha akaniuliza: "Mwanangu, samaki wote hawa mnadani, wewe umeona uondoke na mchanga?" Sikuwa na jibu la maana siku hiyo. Leo ninalo, na ndiyo mazungumzo yetu ya jioni hii.

Rafiki yangu anayefundisha baiolojia sekondari alinifungulia maabara ya shule Jumamosi moja. Tukatandaza chembe za mchanga kwenye kipande cha kioo, nikainama kwenye hadubini. Nilitegemea kuona mawe. Nikaona mtaa mzima wa nyumba. Moja bapa, inang'aa kama punje ya adesi iliyopakwa mafuta. Nyingine imejisokota kama konokono, ukuta wake mweupe na laini kama kikombe cha kahawa. Nyingine ina vyumba vya duara vilivyobebana kama vibuyu kwenye fungu moja. Zote tupu, wenyewe wamekwisha kufa. Na zilikuwa ndogo kiasi kwamba nilipotaka kusogeza moja ilinibidi niloweshe ncha ya brashi nyembamba kwa ulimi, niinase. Mwalimu akacheka, akasema hata mabingwa wenyewe hufanya hivyo hivyo. Chai yangu ikapoa pale pale.

Wenye nyumba hizo huitwa foraminifera. Jina limetoka katika Kilatini, maana yake wenye vitundu. Kiumbe ni seli moja tu: hana jicho, hana tumbo, hana moyo. Kupitia vitundu vya gamba lake hutoa nyuzi za ute, akazitandaza majini kama jarife, akanasa chakula. Wengi hawafiki milimita moja. Wako wanaoishi chini, mchangani na kwenye majani ya bahari, na wako wanaoelea juu juu wakipelekwa na mkondo. Ujenzi wao nao ni kama wetu sisi tusio na mkopo wa benki: anaanza na chumba kimoja, akipata uwezo anaongeza cha pili, halafu cha tatu, na kwa kawaida kila kipya huwa kikubwa kuliko kilichotangulia. Vifaa anavitoa kwenye maji yenyewe, akaviunganisha vikawa chokaa. Chokaa ile ile iliyojengea Husuni Kubwa na msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani, ila wazee wetu waliipata kwa kuchoma matumbawe, yeye anaipata bila moto.

Sasa, fundi yeyote wa pwani atakwambia: ukikanda udongo kwa maji ya chumvi, ukuta utakuja kuitoa siri yako. Mwaka wa pili rangi inabanduka, chumvi inachomoza kama ukungu. Ukuta haufichi maji yaliyoujenga. Foraminifera naye ni hivyo hivyo. Kila chumba cha gamba lake kimebeba tabia ya maji ya wiki zile alizokuwa akijenga: yalikuwa ya moto au ya baridi, yalikuwa na asidi kiasi gani. Yeye akifa, gamba linazama. Juu yake linakuja jingine, na jingine. Meli ya Waingereza iliyoitwa Challenger, iliyozunguka bahari za dunia kuanzia mwaka 1872 hadi 1876, ilikuta sehemu kubwa mno ya sakafu ya bahari imefunikwa na tope la magamba ya hao wanaoelea. Jiwe la chokaa unalolikanyaga mahali pengi duniani ni wao.

Wapo pia majitu katika ukoo huu, seli moja lakini gamba upana wa sarafu. Mawe mengi ya piramidi za Giza yamejaa hao. Mwanajiografia Strabo alipofika Misri, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, alikuta chini ya piramidi vipande vya mawe vyenye umbo la adesi, akaambiwa kuwa ni masalia ya chakula cha vibarua, yamegeuka mawe.  Nakiri, msikilizaji, mimi ningeamini.

Tusome basi gamba hilo linavyosomwa. Oksijeni iliyomo majini si ya uzito mmoja. Ipo nyepesi, nayo ndiyo nyingi, na ipo nzito kidogo, ambayo ni haba. Maji yakiwa baridi, gamba linachukua ile nzito kwa wingi zaidi. Yakipata joto, inapungua. Hesabu ya jambo hili iliasisiwa na mkemia wa Marekani, Harold Urey, katika miaka ya 1940. Mtaliano Cesare Emiliani, aliyefanya kazi katika maabara ya Urey huko Chicago, akaitumia kwenye magamba ya foraminifera, na mwaka 1955 akaonyesha kuwa zama za barafu zilikuja na kuondoka mara nyingi kuliko zile nne zilizokuwa zikifundishwa. Ila alikosea kitu kimoja. Alidhani karibu yote aliyoyasoma ni joto la maji. Mwingereza Nicholas Shackleton akasema mwaka 1967: hapana, sehemu kubwa ya hayo ni barafu. Fikiria mchuzi ulioachwa jikoni. Maji yanakwenda na mvuke, chumvi inabaki, mchuzi unakuwa mkali. Bahari ni hivyo: maji yenye oksijeni nyepesi ndiyo yanayotangulia kupanda kuwa mvuke, yanadondoka nchi za ncha kama theluji, na yakigandishwa huko hayarudi. Bahari inabaki na nzito. Kwa hiyo gamba moja lilikuwa likitoa habari mbili kwa pamoja, ya joto na ya barafu, na ilibidi watu wajifunze kuzitenganisha.

Mwaka 1976 Shackleton huyo huyo, pamoja na James Hays na John Imbrie, walichukua tope lililochorongwa kusini mwa Bahari ya Hindi, bahari yetu hii, wakaonyesha kwamba zama za barafu hufuata mwendo wa dunia yenyewe katika kulizunguka jua: mzunguko wa miaka kama 100,000, wa 41,000 na wa 23,000 hivi. Hayo yameandikwa sana, sitakaa hapo. Nataka nikurudishe kusini, barabara ya Lindi.

Aliyewahi kusafiri barabara hiyo kabla ya lami anajua udongo wa Kilwa. Ni mfinyanzi hasa. Masika ikishika, gari linakwama hadi mlango, abiria wanashuka, kaka mwenye nguvu anaombwa asukume, bibi mwenye mtoto anaombwa asishuke. Nimelala njiani mara mbili kwa ajili ya udongo huo na niliulaani kwa lugha zote ninazozijua. Sikujua kwamba kwa watu fulani duniani udongo ule ni bora kuliko dhahabu.

Ni hivi. Kulikuwa na fumbo. Miaka kama milioni 50 iliyopita, zama ambazo wanajiolojia wanaziita Eosini, dunia ilikuwa ya joto mno. Karibu na ncha ya kaskazini, mahali ambapo leo ni barafu, walikuwako jamaa wa mamba. Hewa ukaa ilikuwa nyingi kuliko leo. Ungetegemea kwamba huku kwetu kwenye ukanda wa joto bahari ilikuwa ya moto zaidi. Lakini magamba yaliyotolewa kwenye vilindi vya bahari yalikuwa yakisema kinyume: maji ya juu kwenye ukanda wa joto yalikuwa nyuzi 15 hadi 23 tu za Selsiasi. Baridi kuliko leo! Wengine wakafurahi, wakasema basi ukanda wa joto una kifuniko chake, hauwezi kuchemka hata hewa ukaa ikizidi. Na wale waliokuwa wakitengeneza modeli za tabianchi wakaonekana hawajui hesabu, maana modeli zao zilisema tropiki lazima ipate joto.

Tatizo halikuwa kwenye hesabu. Lilikuwa kwa mashahidi. Gamba lililolala chini ya bahari kwa mamilioni ya miaka halikai hivi hivi. Maji ya kilindini, ambayo ni baridi, yanapenya ndani ya tope, yanayeyusha chokaa kidogo, nayo inaganda upya juu ya gamba na ndani yake. Kwa macho gamba ni lile lile, umbo lile lile, vyumba vile vile. Lakini sehemu ya ukuta si yake tena. Imejengwa upya kwa maji ya baridi ya kaburini. Ni shahidi aliyekaa mahabusu na watu wa upande wa pili usiku kucha, asubuhi anaingia mahakamani na maneno ya kufundishwa. Hasemi uongo kwa makusudi. Anasema alichojazwa.

Ukiyaweka magamba hayo chini ya hadubini yanaonekana meupe, yamefifia, kama vipande vya chaki. Ya Kilwa na Lindi hayako hivyo. Yanapitisha mwanga. Yanaonekana kama kioo, kama gamba la kiumbe aliyekufa juzi. Sababu ni ule ule mfinyanzi wa kukwamisha mabasi: chembe zake ni ndogo na zimebanana, maji hayapenyi. Kilichozikwa humo kilifunikwa kama halua kwenye kikapu. Zamani hizo sehemu hiyo haikuwa nchi kavu. Ilikuwa mteremko wa bahari, maji yana kina cha mamia ya mita, mito ikileta tope kutoka bara na foraminifera wanaoelea juu wakidondokea ndani yake. Baadaye ardhi ikainuka, bahari ikaondoka, watu wakaja wakalima mihogo na ufuta juu yake.

Mwaka 2001 Mwingereza Paul Pearson na wenzake, mmoja wao Joyce Singano wa Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, walichapisha walichokisoma kwenye magamba hayo ya kioo, pamoja na mengine machache yaliyohifadhika vizuri kutoka nchi nyingine. Bahari ya ukanda wa joto katika vipindi walivyovipima ilikuwa na nyuzi 28 hadi 32, au zaidi. Hakuna kifuniko. Sitaki kulipita neno hilo haraka haraka, kwa sababu ndilo lililonifanya nikuletee mazungumzo haya. Sisi wa tropiki tuna mazoea ya kuona habari za joto la dunia kama habari za dubu na barafu. Udongo wa kwetu wenyewe ndio uliokwenda kutoa ushahidi kwamba hewa ukaa ikijaa, huku kwetu nako kunapanda.

Kuanzia mwaka 2002 wakarudi na mashine, wakachoronga. Sio visima virefu vya mafuta; ni mashimo ya wastani, wakitoa mche wa udongo kipande kwa kipande, wakiuweka sandukuni kwa mpangilio, wa chini ndio wa kale. Udongo huoshwa kwenye chekecheo lenye matundu ya sehemu 63 za elfu ya milimita, tope linakwenda na maji, magamba yanabaki. Kinachofuata ni brashi, hadubini na subira. Na matabaka wakayapa majina ya kwetu: Nangurukuru, Kivinje, Masoko, Pande. Nangurukuru, msikilizaji, njia panda ile ile ambapo basi la Mtwara likisimama unaletewa korosho dirishani! Leo kuna profesa Ulaya anayesimama mbele ya wanafunzi na kutamka "Nangurukuru Formeshen", nami nina hakika jina hilo linampa taabu.

 

Tabaka la juu, la Pande, lina kisa cha aina yake. Miaka kama milioni 34 iliyopita dunia ile ya joto ilibadilika. Kwa muda ambao kijiolojia ni kufumba na kufumbua, Antaktika ikavaa barafu ambayo haijaivua mpaka leo. Kulikuwa na foraminifera mmoja aitwaye Hantkenina, mzuri kwa sura, kila chumba kimechomoza mwiba, ukimtazama utadhani nyota iliyochorwa na mtoto. Kwenye mche wa Kilwa unampata, unampata, halafu unafika tabaka fulani, hayupo. Hayupo juu yake, na hayupo popote duniani tangu hapo. Kutoweka kwake ndiko kunakotumiwa na wanajiolojia wa dunia nzima kuweka mpaka kati ya Eosini na zama zinazofuata.

Je, kilichoiangusha dunia kwenye baridi ni nini? Mwaka 2009 Pearson na wenzake walirudi na magamba ya tabaka hilo, safari hii wakapima elementi iitwayo boroni. Boroni ndani ya gamba hueleza asidi ya maji, na asidi ya maji hueleza hewa ukaa iliyokuwa angani. Wakakuta hewa ukaa ilishuka kabla ya barafu kukua. Kiwango ambacho Antaktika ilianza kuganda kilikuwa karibu na sehemu 750 katika kila sehemu milioni za hewa. Kabla ya viwanda dunia ilikuwa na 280. Sasa tumeshapita 420, na tunapanda.

Nitoke Kilwa kidogo nifuate njia ya majahazi. Wazee wetu walikwenda Maskati na kusi, wakarudi na kaskazi. Kusi hiyo ikifika pwani ya Somalia na Oman katikati ya mwaka inakuwa kali, inavuma sambamba na pwani, na kwa sababu dunia inazunguka, maji ya juu yanasukumwa kuelekea bahari kuu. Nafasi yake inajazwa na maji ya chini, ya baridi, yenye rutuba. Ghafla katikati ya bahari ya joto pana jiko lililozimwa. Na anatokea mgeni: Globigerina bulloides, foraminifera ambaye kwa kawaida ni mwenyeji wa bahari za baridi za mbali. Hapo anastawi kwa wingi mno, kusi ikipoa naye anapungua.

Umeshaona inakoelekea. Ukihesabu magamba ya bulloides katika tope la Oman, tabaka kwa tabaka, unahesabu nguvu ya kusi. David Anderson, Jonathan Overpeck na Anil Gupta walifanya hivyo, na mwaka 2002 wakaeleza kuwa magamba hayo yameongezeka katika karne nne zilizopita, ishara ya kusi kushika nguvu. Mwaka uliofuata wakarudi nyuma zaidi, maelfu ya miaka, wakakuta kila Atlantiki ya kaskazini ilipopoa, kusi yetu nayo ililegea. Nahodha aliyekuwa akisubiri upepo Lamu au Unguja hakuwa na njia ya kujua kwamba barafu inayoelea kule Greenland ina neno na tanga lake.

Na leo? Walio hai nao wanasema. Kwenye miamba ya matumbawe wako foraminifera wanaofuga mwani ndani ya miili yao, kama yafanyavyo matumbawe. Maji yakichafuka kwa maji taka na mbolea, hao hupungua, na wadogo wasiochagua chakula huongezeka. Pamela Hallock wa Florida na wenzake walitengeneza kipimo cha namna hiyo mwaka 2003: unachota mchanga, unahesabu nani yupo na nani hayupo, unajua mwamba una hali gani. Visiwa vya Zanzibar pia foraminifera wake wamechunguzwa. Ni kipimo cha bei ya chini kuliko mashine nyingi. Kinataka jicho na mtu asiyechoka kuhesabu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni unene wa ukuta. Hewa ukaa ikiingia baharini inayafanya maji yasogee upande wa asidi, na chokaa na asidi havipatani. Mwenye kukamua ndimu kwenye sakafu ya saruji anajua. Mwaka 2020 watafiti walitoa kwenye makabati vielelezo vya ile meli ya Challenger, vya miaka ya 1870, wakavilinganisha na vya spishi zile zile vilivyovuliwa Pasifiki na meli iitwayo Tara katika karne hii. Wakavipiga picha za eksirei za kuingia ndani kabisa. Vyote vya sasa vilikuwa na kuta nyembamba zaidi. Katika kielelezo kimoja tofauti ilifika asilimia 76. Fundi yule yule, ramani ile ile, lakini ukuta wa tofali sasa ni wa bati.

Nilipita tena Kilwa Masoko hivi karibuni. Mzee yupo, mashua ile ile, nadhani hata tundu ni lile lile. Nikakaa kwenye gogo nikamweleza yote haya, habari ya mfinyanzi, ya yule wa miiba, ya kusi. Mengine aliyasikiliza kwa adabu tu. Ya Oman aliyadaka kabla sijamaliza. Baba yake alikuwa baharia wa majahazi, akawa anasimulia kwamba kule wakati wa kusi maji yana ubaridi wa kushangaza. "Hilo halihitaji hadubini," akasema. Halafu akafikiri. "Sasa hao wadudu wako, kusi ya mwaka huu wanasema itakuwaje?"

Nikamwambia, mzee wangu, hao husema ya nyuma tu. Lazima kwanza wafe, wazame, wafukiwe.

"Ya nyuma hata mimi nayajua," akasema, akachovya pamba kwenye mafuta. "Hebu nishikie hapa."